Boriti Iliyolala Chali

Katika ofisi ya mji alikofanya kazi miaka mingi, watu walimwita Mama Hapana. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wale waliopanda ngazi na ramani za nyumba zao mikononi, wakashuka na ramani zile zile zikiwa zimegongwa mhuri mwekundu. Alikuwa mkaguzi wa ramani za majengo, na msimtie hatiani bure, hakuwa na roho mbaya. Nyumbani kwake jirani angeweza kuazima sufuria, asiirudishe, na bado akaja kuazima mfuniko. Ila kazini kulikuwa na kitabu cha masharti, na kitabu kilisema kokoto za zege ziwe za mawe. Mawe yenyewe yalichimbwa mbali na yalifika kwa shida, wakati vipande vya matofali ya kuchoma vilijaa tele kwenye kila tanuri pembezoni mwa mji. Watu wakaviponda, wakachanganya na saruji, wakajenga. Nyumba zikasimama, na yeye akaendelea kugonga mhuri.

Kilichomkera hasa ni kwamba hakujua kwa nini. Mtu akimuuliza, alijibu kwamba kitabu kimekataa, na kila alipolitamka jibu hilo alijisikia kama mtoto mlangoni anayemwambia mgeni kwamba baba kasema hayupo. Shahada yake ya kwanza, aliyoisoma jioni jioni huku analea, ilimfundisha kusoma majedwali. Boriti ya upana huu, nondo nne. Ya upana ule, sita. Kwa nini nne na si tatu, hilo alilipita harakaharaka kwa ajili ya mtihani na kulisahau mtihani ulipokwisha. Aliishi na swali hilo mpaka mvi zikamwingia, ndipo akakata shauri, akaenda kwa mkuu wake kuomba ruhusa ya kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa miundo.

Mkuu wake alicheka, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake. Akaweka sahihi. Lakini alimwambia waziwazi kwamba ruhusa hiyo ni ya mara moja, ikiisha imeisha, na asije tena kumletea habari za kuongezewa.

Mumewe alikuwa fundi wa kushona mapazia, mtu wa maneno mengi na sindano mdomoni. Alilipokea jambo hilo vizuri kuliko mkuu wa kazi.

"Nilioa mkaguzi," aliwaambia wateja wake, "sasa nalea mwanafunzi."

Chuoni mambo hayakuwa rahisi hata kidogo. Wenzake darasani walikuwa vijana ambao angeweza kuwazaa, nao kwa adabu zao wakamwita shangazi. Siku ya kwanza kijana mmoja alimpisha kiti cha mbele ili auone ubao vizuri. Kuona aliona. Kuelewa ndiko kulikomtoa kijasho. Hesabu zilizojipanga safu kwa safu zilimkimbia, na kompyuta ilimpa majibu ya ajabu ajabu, likiwemo ghorofa moja lililokuwa likielea juu badala ya kukaa chini. Alilia mara kadhaa, tena si kwa siri. Lakini kitu kimoja kilimshika: kila mara alipoielewa hesabu moja, lilimfungukia dirisha moja la jedwali lake la zamani. Kumbe nne ni kwa sababu hii. Kumbe sita ni kwa sababu ile. Siku hizo alirudi nyumbani akiimba, na mumewe alijua hakuna haja ya kuuliza.

Ulipofika wakati wa kuchagua utafiti, hakuhitaji kuwaza. Alisema atajenga boriti za zege la kokoto za matofali, azivunje, aone kama hesabu za kawaida zinazitawala au hapana. Msimamizi wake, profesa kijana mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa, alimkubalia kwa sharti moja. Boriti ziwe tatu. Moja inaweza kuwa bahati na mbili zinaweza kuwa ndugu wa bahati, alisema, lakini tatu zikikubaliana na hesabu, atakuwa na la kusema mbele ya watahini.

Basi akajenga tatu, kwa mikono yake. Tuseme kidogo boriti ni nini, maana jambo lote liko hapo. Boriti ina tumbo na mgongo. Ukiiegemeza ncha zake mbili na kuiwekea mzigo juu, inanepa, tumbo linavutwa na mgongo unabanwa. Zege huvumilia sana kubanwa, lakini kuvutwa haliwezi, linapasuka mara moja. Kwa hiyo nondo nene hulazwa tumboni, zishike pale zege linaposhindwa. Mgongoni huwekwa nondo mbili nyembamba tu, za kufungia ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo zote, zisiyumbe. Alizisuka nondo zake, akaziinua kwenye boksi la mbao kwa vile vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, akamwaga zege na kulishindilia. Kisha akausugua upande wa juu kwa mwiko mpaka ukalainika sawasawa na pande zilizolala kwenye mbao. Fundi wa maabara, mtu mnene mpole aliyemwita dada, alimwambia kwamba hakuna anayejali upande wa juu. Yeye alijali. Alikuwa mtu wa usafi, na usafi wake huo ndio uliokuja kumponza.

Boriti ya kwanza na ya pili zilivunjwa, nazo zikafuata hesabu kwa heshima zote. Jeki ya maabara ilisukuma kutoka juu, nyufa zikaanza tumboni nyembamba kama nywele, zikapanda polepole, na boriti ikasalimu amri karibu kabisa na pale alipotabiri. Moyo wake ukafurahi. Tarehe ya kujitetea mbele ya watahini ilikuwa imekwisha kupangwa, kabla kidogo ya ruhusa yake ya kazini kuisha. Asiyejitetea safari hiyo angengoja mwaka mzima, na mkuu wake alikwisha sema la kusema. Ilibaki boriti moja tu.

Profesa aliomba boriti hiyo ya tatu ivunjwe mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wajionee. Naye Mama Hapana, kwa kuwa wageni wanakuja, akaamua kuipamba. Boriti hupakwa chokaa nyeupe kabla ya kuvunjwa ili nyufa zionekane, na mbavu zake mbili zingetosha. Yeye akaigeuza huku na huku juu ya magogo, akaipaka pande zote, akairudia mara ya pili. Mshale aliouchora kwa mkaa kuonyesha upande wa juu nao ukapakwa humo humo. Boriti ikapendeza kwelikweli.

Wanafunzi wakaja, wakajipanga ukutani. Fundi akaiinua boriti kwa winchi na mikanda, yeye mwenyewe akaielekeza mpaka ikakaa kwenye vyuma vyake, profesa akaeleza, jeki ikaanza. Sindano ya kipimo cha mzigo haikufika hata nusu ya safari. Ufa mmoja ulitokea katikati, haukupanda polepole kama wenzake, ulikimbia kutoka chini hadi karibu na juu, na boriti ikakunjika. Wanafunzi wakaguna. Mmoja akacheka, kwa woga pengine, lakini kicheko ni kicheko. Mama Hapana hakungoja fundi asome namba wala profesa aseme neno. Alichukua mkoba wake, akatoka, akavuka uwanja akiwa haoni mbele, na hakusimama mpaka dukani kwa mumewe.

Mumewe alimtazama, akatoa sindano mdomoni, akamvutia kiti. Mama Hapana akamwambia kwamba zege la matofali halifai, kwamba kitabu kilikuwa sahihi muda wote, kwamba miaka yake miwili imekwenda na maji na atarudi mezani kwake kugonga mhuri ule ule huku wakubwa kwa wadogo wakimcheka. Alisema yote hayo huku anakunja na kukunjua kipande cha pazia la mtu. Mumewe hakumbembeleza. Alimuuliza tu kama zile mbili za kwanza nazo zilikuwa za matofali. Akajibu ndiyo. Mumewe akarudi kwenye cherehani yake, na yeye akabaki na swali hilo.

Asubuhi alirudi maabara mapema, akaomba nyundo. Fundi alidhani amekuja kumalizia hasira, akampa na kukaa mbali. Mama Hapana akapiga kando ya ule ufa, zege likadondoka vipande vipande, nondo zikaonekana. Akachuchumaa. Akapitisha kidole. Kisha akakaa chini kwenye vumbi na kuanza kucheka, akacheka mpaka fundi akasogea kuona kuna nini.

"Njoo uone tumbo lake," alisema.

Chini, mahali pa nondo nene, palikuwa na nondo mbili nyembamba za kufungia ringi. Zile nene zilikuwa juu, zimelala salama, hazikufanya kazi yoyote. Boriti ilikuwa imewekwa chali.

Fundi akabadilika rangi. Winchi ilikuwa yake na alijua lawama huwa zinaangukia upande gani, akaanza kusema kwamba yeye hakuona alama yoyote, kwamba angeona angeuliza. Mama Hapana akamkatiza.

"Kaka, alama niliipaka chokaa mimi. Wewe uliniwekea kama nilivyokuonyesha."

Akaenda kwa profesa, akamweleza bila kupindisha. Profesa alishusha pumzi kwanza, maana na yeye hakulala vizuri. Kisha akamweleza upande wa pili wa jambo. Zege halina kosa, hilo jema. Lakini boriti iliyowekwa chali si jaribio, ni ajali, na ajali haiandikwi kwenye tasnifu. Basi zimebaki mbili. Kumwaga nyingine na kuiacha ikomae hakuna muda. Alilisema hilo kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioumiza zaidi. Akamshauri aandike barua ya kuahirisha.

Alitoka hapo akiwa na furaha na huzuni kwa pamoja, hajui ashike ipi. Akaenda tena dukani, kwa sababu meza ya mumewe ya kukatia vitambaa ilikuwa pana na yake ya nyumbani ilijaa vyombo. Akaomba karatasi kubwa ya kuchorea vipimo, ili aandike rasimu ya hiyo barua ya kuahirisha. Aliandika anwani. Aliandika mada. Kalamu ikasimama. Badala ya kuendelea, akachora boriti, chali, kama ilivyokuwa imelala. Akachora zile nondo mbili nyembamba chini yake.

Hapo ndipo lilipomjia. Hesabu haijui juu wala chini. Hesabu inauliza tu, tumboni pana nini? Ukiijibu kuna nondo nene, itakupa mzigo mkubwa. Ukiijibu kuna mbili nyembamba, itakupa mdogo, lakini itakupa. Kama zege la matofali linaitii hesabu kweli, basi hata boriti yenye kosa ilipaswa kuvunjika mahali pake, si popote. Na yeye hakujua ilivunjika kwa mzigo gani. Alikuwa amekimbia kabla namba haijasomwa.

Akaanza kupiga hesabu. Mumewe akasogeza mkasi, akasogeza utepe, akafunga redio. Mteja aliingia kuulizia pazia lake akaonyeshwa kwa ishara kwamba kuna mtihani unaendelea. Unene wa nondo, umbali wake kutoka mgongoni, nguvu ya chuma, nguvu ya zege. Alikosea mara moja, akafuta, akarudia. Mwishowe akapigia mstari namba moja, akachukua simu kumpigia fundi wa maabara.

"Kaka, ile namba ya jana umeiandika?"

"Iko ubaoni, dada. Nikusomee?"

"Usinisomee. Ngoja nikutajie mimi." Akaishika karatasi kwa mkono wa pili. "Tani mbili nukta nane."

Mumewe akaacha kukanyaga cherehani.

"Dada," fundi alisema, "ubaoni pana mbili nukta tisa. Nani kakwambia?"

Mama Hapana aliweka simu juu ya kitambaa cha mteja, akajifunika uso kwa mikono, na mumewe akainuka, akamwendea. Alimshika bega tu, akabaki amelishika.

Profesa aliisoma karatasi ile amesimama, kisha akaisoma amekaa. Alisema kwamba hajawahi kuona mtu anajitetea kwa kosa lake. Hakusema kwamba haiwezekani. Alimtahadharisha tu kwamba mtahini wa nje ni mzee mmoja aliyezoea kufumba macho watu wakizungumza, wageni hudhani amelala, na wengi wamefelishwa na usingizi huo.

Siku ikafika. Chumba kilikuwa kidogo, chenye meza ndefu na feni iliyozunguka kivivu. Mumewe alikaa nje kwenye benchi na fundi wa maabara, wote wawili wamevaa mashati ya kutokea. Ndani, Mama Hapana alieleza boriti ya kwanza, akaeleza ya pili. Mzee alifumba macho. Alipofika kwenye ya tatu na kusema kwamba iliwekwa chali kwa kosa lake mwenyewe, mzee aliyafumbua.

"Kwa nini hukuitupa?"

"Nilikaribia kuitupa," alisema. "Zile mbili nilizibembeleza, mzee. Nilizifanyia kila kitu ili zivunjike pale nilipotaka. Hii sikuibembeleza. Niliikosea, na bado ikavunjika pale hesabu iliposema."

"Na nitajuaje kwamba hukuiona namba kwanza, kisha ukaitafutia hesabu?"

Profesa alijikunyata kwenye kiti chake. Swali hilo ndilo alilokuwa akiliogopa, na hawakuwa wamelipatia jibu.

"Hutajua," Mama Hapana alisema. "Ningekuwa mahali pako, hata mimi nisingeamini. Lakini vipimo vyote viko hapo mbele yako. Ipige mwenyewe."

Hakuna mwanafunzi anayemwambia mtahini apige hesabu. Watu wakatazama meza. Mzee akamtazama yeye, kisha akaomba penseli. Akageuza karatasi, akaanza. Alipiga polepole, kwa mkono wa mtu aliyejifunza kabla ya kompyuta, na Mama Hapana alijua kila alipofika kwa kutazama mkono tu: sasa yuko kwenye unene wa nondo, sasa amefika kwenye umbali, sasa yuko pale pale alipokosea yeye kwenye meza ya mapazia. Mzee naye alisita pale. Akafuta. Akaendelea. Alipomaliza alizungushia namba duara na kuisukuma karatasi hadi mbele yake. Mbili nukta nane.

"Nina swali moja limebaki," mzee alisema. "Ukirudi ofisini kwako, mtu akikuletea ramani yenye kokoto za matofali, utamwambia nini?"

Kwa miaka yote ile jibu lilikuwa limeandikwa na watu wengine, yeye alikuwa anasoma tu.

"Nitamwambia avute kiti, tupige hesabu. Hesabu nyingine zitakataa, mzee. Lakini nitaweza kumwambia kwa nini."

Mzee alitia sahihi kwenye fomu ya kumfaulisha, akampitishia profesa kalamu, kisha akanyanyuka taratibu na kunyoosha mkono juu ya meza.

"Karibu, mhandisi mwenzangu," alisema.

Aliupokea mkono ule kwa mikono yake miwili, akasahau kuuachia.